Diski ndogo chini ya kiganja

Laptopu nyingi za kiofisi za miaka ya 2011 hadi 2018 zina tundu moja ambalo halijawahi kufanya kazi. Liliwekwa kwa ajili ya kadi ya modemu, ile inayopokea laini ya simu ndani ya kompyuta ili mfanyakazi wa kampuni fulani Ulaya apate intaneti akiwa ndani ya treni. Kampuni nyingi zilinunua mashine bila kulipia hiyo kadi. Zikatoka kiwandani tundu likiwa tupu, zikatumika miaka mitatu minne, zikauzwa kwa jumla, zikapakiwa kwenye kontena, na leo zimepangwa kwenye vioo vya Kariakoo, tundu bado tupu. Ukipata ThinkPad X230 ya mtumba, chomoa betri uchungulie nyuma yake: utaona mlango mwembamba wa laini ya simu. Weka laini, hakuna kitakachotokea, kwa sababu huko ndani hakuna wa kuisoma. Lakini kwenye baadhi ya mashine hizo tundu hilohilo linaweza kubeba diski ndogo ya pili, SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka.

Mimi ninayo X230 ya namna hiyo. Ni toleo la 2012, na ndiyo inayoendesha steshenari yangu hapa Msewe. Inaprinti, inaskani, inajaza maombi ya mkopo na ya ajira, inakata picha za pasipoti, inageuza Word kuwa PDF. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo, na mwanafunzi ana kawaida ya kufika dirishani muda wa kukusanya kazi umebaki dakika kumi. Hapo ndipo unapoijua diski yako.

Diski iliyokuja nayo ilikuwa ya kuzunguka, GB 500, mizunguko 7200 kwa dakika. Kwa maneno ya dukani hiyo ni diski nzuri, yenye kasi. Lakini fanya hesabu. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde nane na kitu, kwa hiyo kwa wastani kichwa cha kusomea kinasubiri kama milisekunde nne data ipite chini yake. Ongeza muda wa kichwa chenyewe kusogea kutoka mstari mmoja hadi mwingine, unafika milisekunde kumi na kitu kwa kila kipande kidogo unachokitaka. Sema kumi na tano. Mfumo endeshi unapowaka, ukafungua kivinjari na LibreOffice (programu ya kuandikia nyaraka), unaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Vipande elfu kumi kwa milisekunde kumi na tano kila kimoja ni dakika mbili na nusu za kusubiri, hata kama jumla ya data yenyewe ni ndogo. Ni mhudumu mmoja anayetumwa rafu ya mwisho, kisha rafu ya kwanza, kisha tena ya mwisho, siku nzima, na kila safari ameagizwa karatasi moja. SSD haina kichwa wala mzunguko. Kipande hichohicho unakipata chini ya milisekunde moja, mara nyingi hata chini ya sehemu ya kumi yake.

Sasa mtu atauliza kwa nini sikuitoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD mahali pake, yakaisha. Wengi hufanya hivyo na wanafurahi. Kilichonizuia ni mzigo. Steshenari huhifadhi kazi za watu. Mteja anarudi baada ya miaka miwili, anataka ile CV, ile ripoti ya mafunzo kwa vitendo, ile kadi ya mwaliko wa harusi, tubadilishe tarehe tu. Mafaili yangu pamoja na picha yalikuwa yameshapita GB 300, na SSD ya kuyameza yote wakati ule ilikaribia bei ya laptopu nyingine ya mtumba. Lakini nilichohitaji kiende haraka kilikuwa kidogo sana: mfumo wenyewe, programu chache, kivinjari. Haikuwa na maana kulipia kasi kwa picha za pasipoti za mwaka juzi.

Aliyenionyesha lile tundu ni mtoto wa dada yangu, aliyekuwa anasoma chuo cha ufundi, VETA. Aliigeuza mashine, akasoma kitu kwenye simu yake, akasema, “Mamdogo, hii ina mahali pa diski ya pili. Hata hiyo ya sasa hatuitoi.”

Nikamwambia asiniharibie kitega uchumi. Akacheka, akanionyesha kitabu cha matengenezo cha X230, ambacho ni PDF na hakiuzwi. Ukinunua laptopu ya kiofisi iliyotumika, kitabu chake cha matengenezo ndicho kitu cha kwanza cha kupakua, kabla hata ya kununua begi. Kina michoro ya kila skrubu na kila waya. Mafundi wengi mjini hawakifungui, na wanaokifungua utawatambua: skrubu hazibaki mezani.

Kariakoo kulikuwa na mkanganyiko, na mkanganyiko huohuo bado upo. Nilimwambia kijana wa dukani ninachotaka: mSATA, aina ya SSD inayoingia kwenye tundu lile.

“Kaka, una mSATA?”

“SSD zote zipo dada, we sema GB ngapi.”

Akanitolea M.2, SSD ya umbo jingine, ile nyembamba na ndefu.

“Hiyo siyo. Ninataka ile fupi, pana, ina meno upande mmoja.”

“Hizo za zamani dada, siku hizi watu hawaulizi. Hii ndiyo mpya, ina kasi kuliko hiyo.”

“Haitaingia, mdogo wangu. Nitafutie.”

Akaenda duka la tatu, akarudi nazo kwenye mfuko wa plastiki.

Ninamuelewa, maana majina yenyewe yanachanganya. mSATA ina upana wa milimita 30 na urefu wa kama milimita 51, na meno yake 52 ni yaleyale ya kadi za wifi za zamani, zile za mini PCIe. M.2 ina upana wa milimita 22, na urefu wake umeandikwa kwenye namba: 2242 maana yake ni 22 kwa 42, na 2280 ni 22 kwa 80. Hizo mbili huwezi kuzibadilishana.

Kuna mtego mwingine wa ndani zaidi. Kwa kuwa mSATA na kadi ya mini PCIe zina umbo moja la meno, diski itaingia kwenye tundu lolote la umbo hilo, iwe tundu limeunganishwa na njia ya SATA (ile inayobeba data ya diski) kwenye bodi au la. ThinkPad X220, X230, T420 na T430 zimeunganishwa. Laptopu nyingine nyingi za umri huohuo zina tundu linalofanana kabisa, lakini nyaya zake ni za USB na PCIe peke yake, na diski ukiiweka pale inakaa kimya kama jiwe. Na kuna vidiski vya netibuki za 2008 hivi vyenye meno hayohayo ila mpangilio wa umeme ni tofauti. Hivyo usivichomeke kokote zaidi ya kwenye netibuki yake. Kuangalia kwa macho hakusaidii hapa. Kitabu cha matengenezo kinasaidia.

Kijana wa dukani alikuwa ameleta za GB 16, GB 24 na GB 128, zote zimetumika. Zile ndogo zina historia yake. Mwaka 2011 na 2012, SSD zikiwa bado ghali, watengenezaji walikuwa wanaweka kidiski cha GB 16 au 24 pembeni ya diski kubwa ya kuzunguka, kisha programu maalumu inajifunza mafaili unayoyatumia sana na kuyaweka nakala kwenye kidiski. Wazo si baya. Kwa mtu anayenunua leo halina faida: programu zenyewe zilikuwa za Windows na nyingi zimeachwa, na kidiski chenyewe ni kidogo mno kubeba mfumo mzima. Linux Mint, mfumo endeshi nilioweka baadaye, unahitaji angalau GB 20, na hapo hujaweka chochote chako. Bei kati ya GB 24 na GB 128 haikutofautiana kiasi cha kunifanya nifikirie. Nilichukua ya 128. Ukiichomeka kwenye Windows itakuandikia 119, hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu gigabaiti kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Kabla ya kulipa tuliipima palepale. Mpwa wangu alikuwa na flashi yenye Linux, na muuzaji alikuwa na kasha la USB la kuvalisha diski hizo. Vipimo vilikuwa viwili. Cha kwanza ni smartctl, ambayo inasoma kumbukumbu za diski yenyewe: imewashwa saa ngapi tangu izaliwe, imeandikwa kiasi gani, ina sehemu mbovu ngapi. Saa nyingi hazinitishi, diski ya ofisini kwa kawaida huwa nazo nyingi. Makosa ndiyo yanayonitisha. Cha pili ni F3, programu inayojaza diski nzima kisha inaisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kwenye Windows kuna H2testw inayofanya kazi hiyohiyo. Vipimo hivi viligunduliwa umuhimu wake na watu waliouziwa flashi za “GB 512” ambazo ndani yake kuna GB 8 na uongo mwingi. Kuijaza diski yote huchukua muda, na kijana wa dukani alinuna kidogo.

“Dada, huniamini?”

“Ninakuamini wewe. Diski siijui.”

Akacheka, akatuletea viti.

Kuifunga ni sehemu fupi kuliko zote, ingawa ndiyo watu wanaiogopa. Chomoa chaja, chomoa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kwenye X230 skrubu za chini zimechorewa vialama: kibodi ina chake, kibao cha kuwekea viganja kina chake. Kibodi inasukumwa kidogo kuelekea kioo halafu inanyanyuka, chini yake kuna waya bapa, usiuvute. Ukishatoa na kibao cha viganja utaona kadi ya wifi, na tundu kubwa zaidi likiwa wazi. Diski inaingia kwa mlalo wa mshazari, unailaza, unaifunga.

Na hapo utagundua skrubu haipo. Kwa kuwa kiwanda hakikuweka kadi, hakikuweka skrubu pia, na muuzaji wa diski hana habari nayo. Ni zile fupi sana za kufungia kadi za wifi. Omba moja au mbili kwa fundi mwenye laptopu zilizokufa, hakuna anayekunyima. Usiiache diski ikining’inia, wala usiibane kwa gundi. Kama mashine yako ilikuwa na antena za modemu, utakuta nyaya mbili nyembamba zisizo na pa kwenda. Zivalishe utepe wa umeme zisiguse bodi. Kuhusu umeme tuli, gusa chuma kabla ya kugusa diski. Unyevu wa Dar una faida moja duniani, nayo ni kwamba cheche za nguoni hazitusumbui kama wanavyosumbuka watu wa nchi kavu na baridi.

Jambo moja lililokuwa linampa mpwa wangu wasiwasi ni kwamba ThinkPad za miaka ile zina orodha ndani ya BIOS, programu inayoiwasha mashine, ya kadi zinazoruhusiwa, na ukiweka kadi ya wifi au modemu isiyo kwenye orodha, mashine inagoma kuwaka na kuandika kosa namba 1802. Orodha hiyo ni ya kadi za mtandao. Diski haiguswi.

Kilichostahili umakini kuliko skrubu zote kilikuja baadaye, kwenye kuweka mfumo. Kanuni ninayoishika ni moja: diski ya zamani inatoka nje ya mashine kabla ya kuweka mfumo kwenye mpya. Kwenye X230 ni skrubu moja ya pembeni, kifuniko, na kuvuta. Watu wanaona ni usumbufu. Lakini aliwahi kuja hapa mwalimu mmoja wa sekondari, fundi alikuwa amemwekea SSD ndogo kwa namna hiihii na Windows juu yake, mashine ikawa inaruka kwa kasi. Siku diski yake ya kuzunguka ilipoharibika, akaitoa, na Windows iliyoko kwenye SSD nzima, yenye afya, haikuwaka. Windows inapowekwa kwenye kompyuta yenye diski mbili, ikikuta kwenye diski nyingine tayari kuna sehemu ndogo ya kuwashia, mafaili yake ya kuwashia inayapeleka huko. Mfumo uko huku, ufunguo wa mlango uko kule. Visakinishi vya Linux navyo vina tabia hiyo, hasa kwenye UEFI, ile BIOS ya kisasa, hata ukichagua diski kwa mkono. Diski isiyokuwepo haiwezi kuandikwa, ndiyo maana ninaitoa.

Niliweka Linux Mint. Wakati ule ilikuwa ni kwa sababu ya virusi vya flashi za wateja, ambavyo vilikuwa vinanichosha. Siku hizi kuna sababu nyingine: Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. X230 ni kizazi cha tatu.

Baada ya hapo diski kubwa ikarudi mahali pake, na likaja swali ambalo ushauri mwingi niliousikia unalijibu vibaya: nini kikae wapi. Ushauri wa kawaida kwa Linux ni kuweka mfumo kwenye SSD na folda yote ya nyumbani, /home, kwenye diski kubwa. Inasikika vizuri. Lakini kivinjari kinaweka wapi historia yake, vidakuzi na akiba ya kurasa? Ndani ya /home. LibreOffice inaweka wapi mipangilio yake? Ndani ya /home. Picha ndogondogo za kuonyesha folda zinakaa wapi? Hukohuko. Hayo ndiyo maelfu ya vipande vidogo niliyoyasema mwanzo, na umeyarudisha yote kwa yule mhudumu wa rafu. Mashine itawaka haraka, kisha kivinjari kitafunguka taratibu kama zamani, na utasema SSD ni maneno ya wafanyabiashara.

Kwangu /home imebaki kwenye SSD. Kilichohamia kwenye diski kubwa ni folda nne tu: Nyaraka, Picha, Vipakuliwa na ile ya kazi za wateja. Kwenye Windows ni hivyohivyo, unabofya folda ya Documents kitufe cha kulia, unafungua sifa zake, unabadilisha mahali. Ila AppData, folda ya mipangilio ya programu, unaiacha pale ilipo, usiiguse.

Diski kubwa nimeiandika kwenye fstab, faili linaloiambia Linux ifungue diski zipi inapowaka, kwa namba yake ya utambulisho, UUID, na nikaongeza neno nofail. Neno hilo ni dogo na linasahaulika. Bila hilo, siku diski kubwa isipoitika, mfumo unaisubiri kama dakika moja na nusu kisha unakutupa kwenye skrini nyeusi ya dharura. Ukiliweka, mashine inawaka bila hizo folda, na wewe unaendelea na kazi nyingine.

Kuhusu kasi, nilishaambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba nimeweka SSD upande usiofaa. Ni kweli kwamba kwenye X230 tundu la mSATA linakwenda kwa gigabiti 3 kwa sekunde, wakati nafasi ya diski kuu inakwenda kwa 6. Kwa vitendo hiyo 3 ni kama megabaiti 260 au 270 kwa sekunde. Anayenakili video kubwa kutwa nzima ataiona tofauti. Mimi ninayefungua barua ya maombi ya kazi siioni, kwa sababu kilichokuwa kinaniua ni ule muda wa kutafuta kipande, na huo haubadiliki kwa njia kuwa 3 au 6. Kabla ya hapo nilikuwa ninawasha mashine kisha ninafagia kibaraza. Sasa kibaraza kinafagiliwa kwanza.

Faida ambayo sikuitegemea ni ya betri. Diski kubwa haiguswi mpaka mteja atake faili lake la zamani, kwa hiyo nimeiambia ilale. Amri ni hdparm na -S 120. Hesabu yake ni ya sekunde tano tano, kwa hiyo 120 ni dakika kumi bila kazi. Usiweke muda mfupi mno, maana kulala na kuamka kila mara kunachakaza mota. Kipindi cha mgao wa umeme mkali, hiyo diski iliyolala na printa iliyozimwa vilinipa muda wa kutosha kumalizia kuchapa kazi za watu nikisubiri umeme urudi. Na ni kimya. Mwanzoni nilidhani mashine imezimika.

Baadaye diski ya kuzunguka ilianza kuchoka. Dalili zilikuwa zilezile wanazozijua wote: faili moja linafunguka taratibu bila sababu, mlio mdogo wa tik, tik. smartctl ikaonyesha sekta zinazosubiri kuhamishwa, na idadi inapanda. Zamani hapo ningefunga duka. Kwa mpangilio wa diski mbili mfumo haukuyumba hata kidogo. Nilitoa diski kubwa, nikaiweka kwenye kasha la USB, mashine ikawaka kawaida bila hiyo, na ddrescue, programu ya kuokoa data, ikawa inanyonya data taratibu usiku kucha kwenda diski nyingine huku mchana ninaendelea kuprinti. Karibu kila kitu kilipona. Vilivyopotea ni picha kadhaa za pasipoti, na wenyewe walishapiga nyingine.

Hilo lilinifanya niitazame SSD nayo kwa jicho lilelile. Diski ya kuzunguka mara nyingi inagonga hodi kabla ya kufa. SSD inaweza kulala nzima na isiamke, bila mlio, bila kupunguza mwendo. Kwa hiyo kwenye ile ndogo sina kitu ambacho siwezi kukiweka upya kwa flashi na intaneti ya jioni moja. Kazi za wateja ziko kwenye kubwa, na nakala yake iko kwenye diski ya nje inayolala nyumbani kwangu Kimara, si hapa dukani.

Tangu hapo watu wamekuwa wakiniletea laptopu zao, wakidhani mimi ni fundi. Nyingi siku hizi ni za baada ya 2013, na tundu la modemu huko limekuwa la M.2, urefu milimita 42. Kwenye T440 na T450 tundu hilo linasoma diski za SATA. Kwenye T470 na T480 umbo ni lilelile, ila njia imebadilika kuwa PCIe ya mistari miwili, kwa hiyo inataka NVMe, yaani SSD inayotumia njia hiyo, na SATA haitaonekana. Wanunuzi wengi wanakosea hapo, na muuzaji hana kosa kwa sababu hakuulizwa. Tazama pia mikato kwenye meno: tundu la modemu lina ufunguo wa B, na NVMe nyingi zina mkato mmoja tu wa M, hizo hazitaingia. Unatafuta yenye mikato miwili, na fupi. Zipo, ila usitegemee kuzikuta kila duka. Na mashine hizo zina betri ya ndani pia. Kabla ya kufungua ingia BIOS kwa F1 uizime kwenye sehemu ya umeme, kisha ndipo ushike bisibisi.

Ambao wana X230 kama yangu shida yao sasa ni kupata mSATA yenyewe. Mpya zimekuwa adimu, na zilizotumika zinazidi kuzeeka kwa pamoja. Kuna adapta ndogo, bodi ya umbo la mSATA inayobebea M.2 ya milimita 42, na inaingia chini ya kibao cha viganja bila kubana. Ninayo moja kwenye droo ya akiba. Unapoinunulia diski hakikisha ni M.2 ya SATA. Ile ya NVMe yenye mikato miwili itakaa kwenye adapta vizuri kabisa, skrubu itafunga, na BIOS haitaiona.